Waliofiwa Kwanza

Mtu aliyekaa mbali miaka mingi, akirudi kwetu Mtoni, Dar es Salaam, haanzi na nyumba zenye furaha. Anaanza na zile zilizofiwa yeye akiwa hayupo. Haijalishi kwamba matanga yalianuliwa zamani, hitima imesomwa, mjane ametoka eda na pengine ameshaolewa tena. Maadamu hujafika ukakaa mkekani na kumshika mkono mwenye msiba, kwenu ninyi wawili msiba ule haujaisha, na kila mkikutana njiani kutakuwa na neno lililowakwama. Kwa hiyo unakwenda kuhani kwanza. Ukimaliza ndipo unapowaendea waliojifungua, wagonjwa na wazee, na mwisho kabisa marafiki, ambao watakungoja bila kununa kwa sababu nao wanaujua utaratibu.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyenipitisha katika utaratibu huo nyumba kwa nyumba, Desemba ya mwaka 1985. Leo nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye siku zile, na wengi tuliowaendea wametangulia. Naandika kwa sababu miaka ile ikisimuliwa siku hizi husimuliwa kwa foleni, magendo na hotuba za viongozi. Yote hayo yalikuwepo. Lakini mimi niliingia majumbani, nikatandikiwa mkeka, nikaandaliwa chai, na niliyoyaona humo ndani yana haki ya kusimuliwa pia.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Sikonge, mkoani Tabora. Nilipangiwa huko mwaka 1977, wakati mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, tuliouita UPE, ulipokuwa unatafuta walimu kwa tochi. Nikaolewa huko huko, nikazaa huko huko. Ikaja vita ya Kagera. Baada ya vita mafuta yakaadimika, magari yakakaa juu ya mawe, na safari ya kwenda pwani ikawa jambo la kupanga na kupangua. Baba yangu alifariki mwaka 1981. Telegramu ilinifikia ameshazikwa, nami nina mtoto mchanga kifuani. Hivyo niliporudi nilikuwa mtoa pole na mpewa pole kwa pamoja, na hilo shangazi alikuwa ameliwaza kabla sijafika.

Sitakaa sana kwenye treni. Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na mwaka ule abiria walilala hata kwenye vijia vya kupitia, mguu wa kila mtu ukiwa juu ya mzigo wake. Pale Saranda, ambapo kila msafiri wa Reli ya Kati anajua ndipo penye kuku, tulinyoosha mikono madirishani gizani. Mzigo wangu mimi ulikuwa mchele kidogo, karanga, na dumu la asali ya nyuki wa misitu ya miombo. Dumu hilo nililipakata njia nzima.

Mwaka niliouacha mji tulikuwa tunagombania mabasi ya UDA. Sasa kulikuwa na daladala, magari ya watu binafsi yaliyoruhusiwa mwaka 1983, na kondakta ananadi kwa sauti ya kukauka: Mtoni, Mtongani, Mbagala! Tukashika Kilwa Road, tukapita Mgulani, tukapita viwanja vya Saba Saba. Niliposhuka kituo cha Kwa Azizi Ally, kinachochukua jina la mzee Aziz Ali, baba yake Dossa Aziz aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa TANU, nilikuta maembe dodo yamepangwa mafungumafungu kando ya barabara, na harufu yake ikanishika koo. Ulikuwa msimu wake. Kule chini bonde la Mto Kizinga lilikuwa la kijani vilevile, na minazi ya upande wa Mtongani ilikuwa bado inaonekana ukisimama barabarani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo? Wakwe zako hawajambo?" Akanishika mkono, akanipeleka hadi mlango wa chumba cha baba, ndipo akalia. Nami nikalia. Majirani walisikia, wakaja mmoja mmoja na khanga zao mabegani, na kwa muda wa Asiri yote hadi Magharibi nilipewa pole ya msiba wa miaka minne nyuma, kila mmoja akinieleza kipande chake: nani alimwosha, nani alishika jeneza mpaka makaburini, maneno gani aliyasema asubuhi ile alipoomba maji. Nilichokuwa sikijui nilikikusanya siku ile kwa watu waliokuwa wamekihifadhi kwa ajili yangu.

Usiku shangazi alilifungua dumu. Alikuwa ameomba vichupa vya dawa kwa majirani, ameviosha kwa maji ya moto na kuvianika. Akawa anamimina asali kwa mkono usiotikisika, huku akinitajia nyumba. Hakuandika mahali. Alianza na msiba wa zamani kuliko yote, akashuka mpaka wa mwezi uliopita.

"Hii si zawadi," aliniambia. "Zawadi utampa mtu siku ya furaha. Hii ni ya kuingilia."

Ubani nao aliufunga pindoni mwa khanga yangu, noti za thamani moja. Kila nyumba ipewe kiasi kile kile, alisema, mwenye bati na mwenye makuti, aliyefiwa na mzee wa miaka mingi na aliyefiwa na kichanga. Hakutaka mtu wa Mtoni aseme kwamba sisi tunapima misiba.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama wa kijana niliyesoma naye. Madarasani alikaa dawati la nyuma yangu. Alipomaliza JKT aliandikishwa jeshini, na mwaka 1979 akauawa upande wa Masaka, majeshi yetu yalipokuwa yanasonga kuelekea Kampala. Walikufa wengi katika vita ile, na Mtoni walijua kwamba maiti za mashujaa zilirudishwa nchini zikazikwa Kaboya, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Mama mtu hakuwahi kufika. Angefikaje? Alikuwa anauza vitumbua, na mumewe aliyekuwa kuli bandarini alikuwa hajiwezi kwa kifua.

Tulipobisha hodi alitoka uani akiwa na unga mikononi. Akanitambua kabla sijajitaja. Akanawa, akajifunga khanga ya pili, akatandika mkeka sebuleni na kukaa kama anavyokaa mfiwa, miguu ameikunja upande mmoja, mgongo ukutani. Mimi na shangazi tukakaa mbele yake. Nikampa mkono. Nikasema maneno yanayosemwa, naye akajibu yanayojibiwa. Kisha ukapita ukimya, na ukimya ule nao una mahali pake, hauharakishwi.

"Mwalimu," akaniuliza hatimaye, "huko kwenu Tabora na Bukoba ni karibu?"

Nilimweleza. Kutoka Tabora unapanda treni hadi Mwanza, kutoka Mwanza unapanda meli usiku kucha hadi Bukoba, kutoka Bukoba unatafuta gari linaloshuka Muleba. Nilimtajia yote hayo nikidhani namwonyesha jinsi palivyo mbali. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi ni karibu," akasema. "Mimi niko Mtoni. Wewe uko karibu."

Shangazi hakusema neno. Mama yule akaendelea, sauti yake haikupanda wala kushuka: "Siku Mungu akikujaalia, nenda kamsomee Fatiha. Mwambie mama yako hajambo. Uangalie na mahali penyewe palivyo, uje uniambie. Barua walituletea, lakini barua haikueleza mahali palivyo."

Nilimwahidi, shangazi akiwa shahidi.

Halafu ikaja chai. Hapa ndipo inabidi nieleze miaka ile ilivyokuwa. Sukari, unga, sabuni na mafuta ya kupikia tulivipata kwa mgawo, na mgawo ulipitia kwa balozi wa nyumba kumi. Bajeti ya mwaka 1984 ilikuwa imewafungulia wafanyabiashara kuleta bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na Kariakoo maduka yalianza kupata rangi, lakini vitu vilikuwa ghali, na kwa muuza vitumbua kuviona dirishani na kuvipata vilikuwa vitu viwili. Watu walikuwa wamepitia miaka ya kula unga wa njano walioupachika jina la yanga, na ya kufua kwa majani ya mpapai sabuni inapokosekana. Sukari ilikuwa haijarudi kuwa kitu cha kawaida. Ndiyo maana ile asali yangu ilipokelewa kwa mikono miwili. Lakini hakuna nyumba hata moja iliyoitia kwenye chai yangu.

"Asali tutakunywa ukishaondoka," mama yule alisema. "Leo unakunywa sukari."

Nikamwona mjukuu wake akitoka kwa mlango wa uani na kikombe, kikombe cha bati chenye ua jekundu kilichobanduka rangi ukingoni. Akarudi anatembea polepole, macho kwenye kikombe. Chai ikaja, tamu, na vitumbua vya moto. Tulipohamia nyumba ya pili, kwa mjane wa fundi cherehani, nikasikia tena mlango wa uani, na mtoto mwingine akapita upenuni na kikombe kile kile cha ua jekundu. Nyumba ya tatu, vivyo hivyo. Sukari ya wale majirani, kijiko cha huyu na kijiko cha yule, ilikuwa inatutangulia mimi na shangazi nyumba hadi nyumba, ili mgeni anywe chai tamu kila alipokaa. Wenyewe walinywa ya rangi, kavu, au hawakunywa kabisa, wakisema wamezoea, au daktari kawakataza, au wamefunga sunna, ingawa siku ile haikuwa Jumatatu wala Alhamisi.

Tukiwa njiani nikafungua mdomo kumwambia shangazi kuhusu kikombe. Akanikatiza. "Umekiona, nami nimekiona. Sasa kunywa na ushukuru."

Nimefikiri juu ya jibu lile kwa miaka mingi kuliko juu ya jambo lolote nililosomea chuoni. Kukataa ile chai, au kuinywa nusu kwa kuwahurumia, kungewaambia kwamba tumewaona walivyopungukiwa. Shangazi alitaka niwaache wawe wenyeji kamili. Nilikunywa kila kikombe mpaka chini.

Siku zilizofuata zilikwenda hivyo. Nyumba nyingine tulikaa dakika chache, mkono wa pole, ubani, kichupa, dua fupi, tukaaga. Nyingine tulizamishwa. Kwa babu mmoja aliyemzika mkewe mwaka ule tulikaa mpaka adhuhuri, maana hakutaka tuondoke. Alituonyesha sufuria zake mwenyewe alivyozipanga, akataka tukubali kwamba zimepangwa kama marehemu alivyokuwa akizipanga. Tulikubali, na ilikuwa kweli. Barazani kwa jirani yake wanaume walikuwa wamezunguka redio wakimjadili rais mpya. Mzee Mwinyi alikuwa ameapishwa tarehe 5 Novemba, mwezi mmoja tu nyuma, na hakuna aliyezoea kulisikia jina jingine baada ya neno Rais. Mmoja alisema hali itakuwa nafuu. Mwingine akasema tusubiri tuone mgawo wa mwezi ujao. Tuliwaamkia tukapita.

Rafiki yangu wa utotoni, tuliyechezwa ngoma mwaka mmoja na kungwi mmoja, alishindwa kungoja zamu yake. Alikuja usiku baada ya kutoka shifti katika kiwanda cha nguo, amechoka, pamba bado zimo nywelani, akasimama mlangoni na kupaza sauti: "Yuko wapi huyu Mnyamwezi? Mnatuletea watani mpaka ndani ya nyumba!" Tukacheka mpaka shangazi akatuletea mkeka tulale ukumbini kama zamani. Hatukulala. Alinihadithia ndoa yake iliyovunjika, mwanawe aliyekuwa anaanza darasa la kwanza, mitambo inayosimama kwa kukosa vipuri na wao kukaa siku nzima mikono mapajani. Alfajiri akaondoka kwenda kazini. Khanga aliyokuwa amejifunga ameiacha imekunjwa juu ya begi langu, na khanga enzi zile haikuwa kitu cha kuacha. Kwa shida nilimfuata kituoni nimrudishie. Akakataa, gari likaja.

Sasa hivi ukisimama Kwa Azizi Ally utaona barabara pana yenye njia za mwendokasi katikati, majengo, taa, na watu ambao huwezi kuwamaliza kwa macho. Sensa ya mwaka 1978 iliukuta mkoa wote wa Dar es Salaam una watu zaidi ya 840,000. Ya mwaka 2022 imewakuta 5,383,728. Mbagala, ambako tulikwenda kuokota korosho, ni mji uliojaa. Sihuzuniki kwa hayo; watoto wangu wawili wanaishi huko na maji yanatoka bombani. Ninachokisema kwa moyo wangu wote ni kuhusu pole. Siku hizi habari ya kifo inafika kwenye simu kabla maiti haijaoshwa, na ubani unatumwa kwa simu hiyo hiyo, na mtu akishatuma anajiona amemaliza. Kwa mazishi ya haraka fedha ile inasaidia sana, nami pia hutuma. Lakini mwenye msiba hajapata kukusimulia. Kile nilichopewa mimi mlangoni mwa chumba cha baba, nani alimwosha na aliomba maji kwa maneno gani, hakuna mwenye utulivu wa kukiandika kwenye ujumbe. Kinasemwa mkekani, na mtu aliyekuja kwa miguu yake.

Ahadi yangu niliitimiza mwaka 1987, likizo ya katikati ya mwaka. Mume wangu alinisindikiza. Tulifika Mwanza kwa treni, tukavuka ziwa usiku kwa MV Victoria, tukaamkia Bukoba kwenye ubaridi na migomba. Hadi Kaboya tulifika kwa gari la mizigo. Askari wa zamu alitusikiliza, akamwita mkubwa wake, na mkubwa wake akatuongoza mwenyewe. Makaburi yamepangwa kwa mistari, mamia, yameelekea upande mmoja kama watu kwenye gwaride. Tulimpata. Nikamsomea Fatiha, nikamfikishia salamu za mama yake kwa sauti, kama nilivyoagizwa. Kisha nikatoa daftari nikaandika kila nilichokiona, maana nilijua nitaulizwa.

Niliulizwa. Desemba ya mwaka ule ule niliketi sebuleni kwake Mtoni, shangazi pembeni yangu, na mama yule akaanza. Nyasi zimekatwa? Zimekatwa. Udongo wake wa rangi gani? Mwekundu. Kuna mti? Ipo miti, si juu yake. Mvua? Kule inanyesha sana. Jina limeandikwa vizuri? Nikamsomea lilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Kisha akaniuliza wa kulia kwake ni nani, na wa kushoto kwake ni nani. Nilikuwa nimeyaandika majina yao. Mmoja alikuwa Mwislamu, mwingine jina lake la Kikristo. Akanitaka niyarudie mpaka akayashika, kwa sababu, alisema, mwanawe amelala nao kwa miaka minane na yeye alikuwa hajawahi kuwaombea.

Hakulia mbele yetu. Aliinuka, akaenda ndani, akarudi amevaa baibui na viatu vya kutokea.

"Tandika kuna mama mwenzangu," akasema. "Wake naye yuko huko huko, hajapata mtu wa kumweleza. Daftari lako unalo?"

Nilikuwa nalo. Tukatoka wote watatu mpaka kituoni, tukapanda gari la Tandika, na tulipofika tulikuta si mama mmoja anayetungoja. Walikuwa wanne, wamekwisha kutandika mkeka, na kila mmoja ana jina la mwanawe na swali lake la kwanza.